Nilizificha Picha za Hina, Lakini Sikuzifunga



Mwezi wa pili wa ndoa yangu, mume wangu alirudi kutoka ziwani kwa sababu ya mbalamwezi. Mnaoishi visiwani mnajua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, basi wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Nyumba zinajaa waume, na simu za wake zinaazimwa. Aliomba yangu ampigie mwenye injini. Alipomaliza kuongea akaona programu moja asiyoijua, akaigusa. Kikatokea kioo cheusi chenye maandishi meupe, hakina picha wala kitufe, na mstari wa mwisho ulikuwa huu: sh ficha.sh

Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikanisimama mkononi.

"Mke wangu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "unaficha nini?"

Nawasimulia haya leo kwa sababu mabibi harusi bado wananitumia ujumbe wakiomba ile skripti yangu ya kuficha picha. Niliwagawia wengi. Niliwaambia ni dawa. Sasa nina deni kwao la kueleza yaliyonikuta nayo.

Kwanza muelewe tunavyoishi. Goziba ni kisiwa cha wavuvi, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Watu wametoka Bukoba, Mwanza, Mara, kila mtu kafuata samaki. Nyumba zimebanana, mabati na mbao, na jirani akipiga chafya ukutani unamwambia "alhamdulillah umepona?" bila kunyanyuka. Faragha yetu ni pazia. Simu nayo si ya mtu mmoja. Laini imesajiliwa kwa vidole vyangu, lakini mdogo wangu wa kiume anaangalizia mpira, mama anapokelea pesa ya dagaa, na asubuhi inapelekwa kibandani kuchajiwa ikakae mezani na simu za watu wengine thelathini. Anayesema "funga simu yako, usimpe mtu" hajawahi kuishi mwaloni.

Usiku wa hina yangu tulikuwa wanawake kumi na wawili. Mlango ulifungwa, madirisha yakatundikwa kanga. Mnaujua usiku huo. Nywele zilikuwa wazi, kanga zimefungwa kifuani, mikono imenyooshwa inasubiri hina ikauke, na bibi mmoja ambaye mchana hasemi alikuwa anacheza kuliko wote. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri. Kabla ya picha ya kwanza, shangazi wa mume wangu aliuliza, "Simu hiyo ya nani?" Nikamjibu, "Yangu, shangazi, na picha hazitoki." Akasema, "Basi piga." Zikapigwa arobaini na tatu, na video mbili.

Neno lile "hazitoki" nililisema kama mtu anavyosema "in shaa Allah" huku akiwaza mengine.

Wiki mbili baada ya nikah nikamkuta mdogo wangu amelala kitandani anapekua galari akitafuta video ya mpira. Alikuwa hajafika kwenye zile picha, lakini zilikuwa mistari miwili tu chini ya kidole chake. Nikampigia binamu yangu wa kike anayesomea kompyuta Bukoba. Akaniambia niweke programu inaitwa Termux, ambayo ni dirisha la kuiandikia simu amri kwa herufi badala ya kugusa vitufe. Nikaziweka picha zote za usiku ule kwenye folda moja niliyoiita Hina, kisha akanitumia mistari mitatu:

mkdir -p /sdcard/.kanga
mv /sdcard/DCIM/Hina/* /sdcard/.kanga/
touch /sdcard/.kanga/.nomedia

Mstari wa kwanza unatengeneza folda inayoitwa kanga, yenye nukta mbele ya jina. Nukta hiyo ndiyo inayoifanya isionekane mtu akifungua mafaili ya simu kwa kawaida. Mstari wa pili unahamisha picha kuingia humo. Wa tatu unaweka faili tupu, halina kitu ndani, lakini jina lake linaiambia galari ipite bila kuchungulia. Nikaihifadhi mistari hiyo kwenye faili nikaliita ficha.sh, na jingine la kurudisha nikaliita onyesha.sh. Nikaandika, nikabonyeza, nikazima simu na kuiwasha. Galari ikawa safi. Kulikuwa na ndizi, mtoto wa dada, na machweo ya ziwa.

Dada zangu, sijapata kujisikia mjanja vile. Mimi niliyeishia kidato cha nne na sasa naanika dagaa, nimeiamrisha simu kwa maandishi! Nikawatumia mashoga. Mashoga wakawatumia mabibi harusi wa Bukoba mjini. Kuna mmoja alinipigia kutoka Mwanza ambaye mpaka leo sijui namba yangu aliipata wapi.

Sasa turudi kwa mume wangu na kile kioo cheusi.

Nilimjibu, "Nimeficha awra za wenzangu." Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo naona kila bi harusi anaogopa kuulizwa: "Hata kwangu?" Nikamwambia picha zangu mimi akitaka nitamwonyesha zote sasa hivi. Lakini mle ndani kuna wanawake kumi na mmoja wengine, na kati yao ni dada yake na shangazi yake tu ndio maharimu zake. Waliobaki walivua mitandio kwa sababu chumba kilikuwa cha wanawake. Ile aya ya 31 ya Suratun-Nur inayotaja mwanamke anaweza kuonyesha mapambo yake mbele ya nani haikusema "na mume wa rafiki yake".

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nasikia sana mawaidha kwamba mke mwema hana siri kwenye simu. Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Kuna siri ya mke dhidi ya mumewe, na hiyo ina hukumu yake na maumivu yake. Na kuna amana ya watu wengine ambayo imekaa mkononi mwa mke. Shoga yako akikuachia dhahabu zake ukazifungia sandukuni, mumeo hasemi umemfungia yeye. Picha ya nywele za shoga yako ni hivyo hivyo. Mume wangu alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotarajia. Akanirudishia simu, akasema, "Basi zifiche vizuri."

Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba hazikuwa zimefichwa vizuri hata kidogo.

Simu yangu ina nafasi ndogo. Ilipoanza kulalamika imejaa, nilifanya jambo ambalo lilionekana la akili: nikaihamishia ile folda ya kanga kwenye memori kadi. Nikathibitisha galari haizioni. Haikuziona. Nikasahau.

Ijumaa moja mdogo wangu akachomoa ile kadi bila kuniambia akaipeleka kibanda cha kuingizia nyimbo. Mnavijua vibanda hivi: kompyuta moja, spika mbili, kijana mmoja, na orodha ya filamu zilizotafsiriwa. Unatoa kadi na shilingi zako, anakujazia. Jioni mdogo wangu akarudi na nyimbo, na ujumbe. "Dada, yule kijana amesema folda ya kanga uiondoe. Anasema amefungua moja tu, akafunga."

Moja tu.

Nilikaa chini pale pale. Nilimtumia binamu sauti ya dakika nne ambayo nusu yake ni kilio. Alichonieleza ndicho ninachotaka kila aliyepokea skripti yangu akisikie. Ile nukta inafanya kazi pale tu ambapo mashine imekubali kuiheshimu. Simu inaiheshimu, na hata simu, ukigusa sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, inakufungulia yote bila kuuliza neno la siri. Kompyuta ya Windows yenyewe haina habari na nukta. Kwake hiyo ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo folda yangu ilisimama pale wazi kabisa katikati ya nyimbo za watu. Na lile faili la .nomedia kazi yake ya asili ni kuzuia galari isijae vipicha vya magemu na majalada ya nyimbo. Halikuumbwa kulinda mtu.

Akaniambia na jambo lililonishangaza zaidi. Hii desturi ya nukta kuficha faili ilitokea kwa bahati mbaya. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs pamoja na waasisi wa mfumo wa Unix, aliandika mwaka 2012 kwamba zamani walitaka tu orodha ya mafaili isionyeshe alama mbili zinazojirudia kila mahali, nukta moja na nukta mbili. Aliyeandika programu akachukua njia ya mkato: chochote kinachoanza na nukta kirukwe. Basi. Kosa dogo la mvivu likageuka desturi ya dunia nzima, likavuka miaka mpaka Goziba, na mimi nikaweka heshima ya wanawake kumi na wawili juu yake.

Tulikwenda kibandani mimi na mume wangu. Yeye alisimama mlangoni, mimi nikaingia. Kijana hakuninyanyulia macho, akafungua kompyuta akaniachia kiti niangalie mwenyewe. Nilipekua kila folda. Sikuona kitu. Lakini hata ningekuwa fundi, kutokuona si ushahidi. Faili linaweza kunakiliwa, likapelekwa, likafutwa. Alisema anaapa. Sina sababu ya kumwita mwongo na sina njia ya kujua, na hivyo ndivyo nilivyobaki.

Njiani nikaikumbuka ile hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, naye akiwa ameshika kitana. Mtume akamkemea vikali, akafundisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Nilikuwa nimeisikia darasani mara nyingi, na kila mara nilimfikiria mchunguliaji. Siku ile kwa mara ya kwanza nilifikiria tundu. Kuna mtu alijenga ukuta ule. Tundu langu nilikuwa nimelitoboa mwenyewe na kuligawa kwa mashoga.

Sheria pia ipo, nisiache kulitaja. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Picha zikisambazwa una pa kwenda. Lakini sheria inakuja baada ya macho kuona, na mimi nilikuwa natafuta kitu kinachokuja kabla.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia wenyewe. Shetani alinipa sababu nzuri sana za kunyamaza: hujui kama zimetoka, utawatia hofu bure, utavunja nyumba za watu. Mume wangu ndiye aliyesema, "Picha ni zao. Habari pia ni yao." Ikanichukua siku tatu. Wawili walikuwa wamehamia Mwanza, nikawapigia. Mmoja alicheka, akasema kwa umri wake akionekana atashukuru. Mmoja alilia, nikalia naye. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho huku anachagua mchele, kisha akasema, "Nilikuuliza simu ya nani." Hakuongeza, wala sijui kama kuna adhabu inayozidi ile.

Na yupo mmoja, rafiki yangu tangu madrasa, ambaye mpaka leo ananiitikia salamu kwa sababu kuitikia ni wajibu. Haongezi "habari za nyumbani". Ana haki yake.

Sasa, ninachofanya siku hizi. Wale mliopokea ficha.sh, tafadhali soma hapa taratibu.

Kuficha ni pazia. Kufunga ni kufuli, na kufuli ni lazima liwe na neno la siri. Njia nyepesi kwa asiyetaka kuandika amri: programu ya mafaili ya Google, ile Files, tangu mwaka 2020 ina folda salama inayofunguliwa kwa namba ya siri yako peke yako, tofauti na ya kufungulia simu. Simu nyingi za Samsung zina yao pia. Kwa bi harusi mwenye haraka, hiyo inatosha kwa kuanzia.

Mimi, kwa kuwa nilishaonja utamu wa kioo cheusi, nafanya huko huko Termux. Naweka programu ya gnupg kwa kuandika pkg install gnupg, halafu nikiwa mahali ilipo folda:

tar -cf hina.tar .kanga
gpg -c hina.tar

Amri ya kwanza inafunga picha zote furushi moja. Ya pili inaliuliza neno la siri mara mbili, inalivuruga furushi zima lisomeke kama uji, na kutoa faili jipya, hina.tar.gpg. Hilo hata likikaa kwenye kompyuta ya kibanda mwaka mzima, bila neno la siri ni takataka. Kisha, na hapa ndipo wengi watakosea: jaribu kwanza kulifungua kwa gpg -d hina.tar.gpg > jaribio.tar uone linakubali, ndipo ufute .kanga, hina.tar na jaribio.tar. Ukifuta kabla ya kujaribu, usinilaumu. Ukisahau neno la siri, hakuna fundi wa Bukoba wala wa Dar es Salaam atakayekurudishia. Mimi langu nimeliandika kwenye karatasi, limo ndani ya sanduku la nguo za arusi.

Usiiache memori kadi ya zamani kwenye simu pia. Kitu kilichofutwa kwenye kadi huwa hakijaondoka mpaka kifunikwe na kingine, na mafundi wana programu za kukirudisha. Yangu niliivunja kwa jiwe la kusagia karanga. Mama akaniuliza kulikoni, nikamwambia imeharibika.

Na angalia nakala ya mtandaoni. Hili lilinikuta mwisho, nikidhani nimemaliza. Akaunti ya Google kwenye simu yangu tulifunguliwa na muuza simu, na kaka yangu aliyeko Bukoba anaitumia hiyo hiyo kwenye simu yake. Siku moja nilipokwenda mjini, mtandao wa huko ukiwa mzuri, simu ilikuwa imepandisha picha zenyewe kimya kimya, kabla hata sijaijua Termux. Thelathini na moja. Zilikuwa zimekaa kwenye simu ya kaka muda wote. Anasema hafungui picha kwa sababu zinakula bando, na kwa hili namwamini, maana ni bahili. Nilizifuta, nikaenda na kwenye kapu la taka nikazifuta tena, kwa sababu zinabaki mle hadi siku 60. Sasa kila mtu ana akaunti yake.

Kuhusu picha za mume na mke, zile za ndani kabisa, mnaniuliza sana. Ipo hadithi kwa Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri, juu ya ubaya wa wanandoa kutoa nje siri za kitanda. Sina gpg ya hilo. Shauri langu ni msizipige.

Mwezi uliopita nilialikwa hina nyingine hapa hapa kisiwani. Mlangoni alikaa shangazi na beseni la plastiki, kila anayeingia anaweka simu. Yangu aliipokea wa kwanza akaitazama kidogo kabla ya kuilaza. Yule rafiki yangu wa madrasa naye alikuwepo, upande wa pili wa chumba. Simu moja tu ilibaki nje, ya bi harusi mwenyewe, na makubaliano yalikuwa kwamba picha zikishapigwa nizifunge pale pale mbele ya wote, kabla mlango haujafunguliwa.

Nikaandika amri, kioo kikaomba neno la siri, nikampa bi harusi simu na kugeuza uso. Akaniinamia sikioni, mikono yake ya hina juu juu isiguse kitu, akauliza kama linaweza kuwa jina la mchumba wake. Nikamwambia jina hilo kisiwa kizima tunalijua, afikirie lingine.